Ng'ombe wa Dirishani

Nilitoka Morogoro kabla hakujapambazuka, nikiwa na begi la nguo, ndoo za miche zilizofungwa neti juu, na kopo moja la siagi ambalo nilikataa kuliweka kwenye buti la basi. Kondakta aliuliza ndani kuna nini. Nikamwambia ua. Alichungulia, akaona majani membamba yenye mstari mweupe katikati, akamgeukia dereva.

"Mkuu, leo tuna abiria amepanda na mke wake."

Watu wa viti vya mbele wakacheka, na mimi nikacheka, nikakaa na kopo langu mapajani.

Safari ya kwenda Musoma ni ndefu kiasi kwamba mtu anaanza kuisahau wakati bado yumo ndani yake. Dodoma tulikunywa chai tumesimama. Singida upepo ulitujaza vumbi masikioni. Baada ya Nzega nchi ilikuwa tambarare mpaka macho yakachoka kutafuta kitu cha kushika. Mwanza tulifika tumechelewa, ikabidi tusubiri asubuhi kwenye viti vyetu. Basi lilipoondoka nikapitiwa na usingizi, na nilipoamka tulikuwa tumeshaipita Magu, na kopo halikuwa mapajani kwangu. Lilikuwa kwa mama mmoja aliyepanda nikiwa nimelala. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Ulikuwa unamwangusha," aliniambia.

"Samahani, mama. Nilipitiwa."

"Lala tu. Mimi nashuka Bunda."

Sikulala tena. Tulienda hivyo mpaka Bunda, yeye ameshika ua langu, mimi natazama ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kushoto. Pale stendi alishuka, akatembea hatua kadhaa na kopo langu, akashtuka, akarudi mbio kunipitishia dirishani huku anacheka. "Nilishamzoea!" alisema. Sikumwona tena maishani mwangu, ila kila ninapoufikiria mkoa wa Mara ninaanzia kwake.

Mimi ni mtu wa kuhama. Tangu nimalize kidato cha nne nimefanya kazi kwenye mashamba ya maua chini ya Meru, nimekata nyasi za hoteli Bagamoyo, nimeuza miche kando ya barabara Morogoro. Kila mahali nilikaa mpaka nianze kuota mahali pengine. Kitu pekee nilichohama nacho ni lile ua. Lilitokana na maua ya mama yangu, aliyekuwa akipanga makopo barazani kwetu kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi, na asubuhi kabla hajatusalimia sisi alikuwa ameshayasalimia makopo.

Aliyeniita Musoma alikuwa meneja wa shirika moja dogo linalowahudumia wakulima na wafugaji. Aliwahi kusimama kwenye kitalu changu Morogoro ili injini ya gari lake ipoe, akaniuliza maswali mengi, hakununua kitu. Miezi ikapita. Siku moja akanipigia simu: "Njoo uniwekee uhai ofisini. Nitakupa kazi mpaka masika yaishe, halafu tutaona."

Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Mukendo pale Musoma, ghorofa ya juu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Zamani wote walikuwa wakija kila siku. Ulipoingia ule ugonjwa uliowafungia watu majumbani, wakajifunza kufanya kazi kutokea kwao, na walipoambiwa warudi wakarudi nusu. Siku mbili tatu ofisini, zilizobaki nyumbani au vijijini. Waliita kazi ya mseto. Meza hazikuwa na mwenyewe tena. Aliyewahi alikaa anapotaka. Kwa maneno mpango ulikuwa mzuri. Kwa macho, nilipopanda ngazi siku ile ya kwanza na ndoo zangu, niliona nyumba iliyohamwa. Kabati za mafaili zilikuwa zimeegemezwa kwenye madirisha. Taa ziliwaka mchana. Watu wachache walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja na waya zake masikioni.

"Unaona?" meneja aliniambia. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, anayeongea huku anapapasa mfuko wa simu. "Nyumbani kwao kuna kivuli, kuna uji, kuku anapita miguuni. Hapa kuna nini? Ukuta! Nimesoma kwamba watu wakiona majani na mwanga wanatulia, wanapenda kukaa. Sasa makao makuu wamesema wakija baada ya masika wakakuta viti vitupu, tunarudisha funguo. Kila mtu atafanyia kazi kwake moja kwa moja."

Nyuma yetu kulikuwa na mama amesimama na chupa ya chai. Ndiye aliyekuwa akifungua ofisi asubuhi, kufagia, kuchemsha chai na kupokea wageni. Alikuwa amesikia yote.

"Na mimi je, meneja? Mimi nitafagia kwa mtandao?"

Meneja akapapasa mfuko wa simu. Wale wenye waya masikioni wakajifanya hawakusikia.

Yule mama ndiye pekee ambaye hakuwa na siku za nyumbani. Kwa kazi ile alikuwa ameshasomesha watoto wake wakubwa, na wa mwisho alikuwa bado sekondari ya bweni. Wengine wote, ofisi ikifungwa, wangebeba kompyuta zao na maisha yangeendelea. Yeye angebeba ufagio. Alinimiminia chai, akanikaribisha kama vile hakuna lililosemwa, na tangu siku ile nilijua nimeitwa kufanya nini. Mapambo yalikuwa kisingizio. Nilitakiwa kuhakikisha mama yule ana mlango wa kufungua baada ya masika.

Sikuanza na mimea. Nilianza na kabati. Aliyenisaidia kuzisogeza alikuwa bwana mifugo, jamaa mrefu wa upande wa Butiama, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Tulipoivuta ya mwisho, mwanga uliingia mpaka kwenye kuta za nyuma, na kule chini, baada ya mabati, ziwa likaonekana lote.

"Kumbe ziwa lilikuwaga huku!" alisema mhasibu. Alikuwa dada wa Bunda, mkali wa hesabu na wa ulimi. "Miaka yote hii nimekaa natazama mgongo wa kabati."

"Mwenzako nilikuwa nakutazama wewe," bwana mifugo akamjibu, "ndiyo maana sikulikosa ziwa."

"Peleka utani wako kwa ng'ombe, mura. Wao ndio wanakuvumiliaga." Mura, kwa watu wa Mara, ni kijana wa kiume.

Tukafungua madirisha yaliyokuwa yamegandishwa na rangi. Meza tukazigeuza ili mtu akiinua kichwa aone maji au majani, asione ukuta. Badala ya ndoo za plastiki nikanunua vyungu vya udongo kwa akina mama sokoni, sakafuni tukatandika mikeka ya mafunjo, na kwenye kona tukaweka mawe laini ya ufukweni. Udongo mweusi ulitoka Suguti kwenye kiroba, juu ya pikipiki. Samadi ilitoka Nyamuswa. Bwana mifugo ndiye aliyeleta, na mara ya kwanza alileta mbichi. Mchana jua lilipowaka, ofisi nzima ikanuka zizi. Nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi, nikaona hakuna anayelalamika. Mmoja alisema tu, akiendelea kuandika, "Kama nyumbani." Hata hivyo niliitoa, nikaomba iliyokaa mpaka ikawa kama udongo.

Kwenye kona zenye giza niliweka ile mimea ya majani marefu yaliyosimama kama panga, kwa kuwa haidai mwanga mwingi. Mmea wa kutambaa niliuachia kabati uteremke nazo. Mshubiri niliupa jua la dirishani. Na lile ua langu la mama nililiweka juu ya meza ndogo ya mapokezi, karibu na chupa za chai.

Meneja alinituma pia nyumbani kwa wale wanaofanyia kazi huko. Nilikwenda Bunda, nikaenda Butiama, nikaona yale ambayo watu hawayasemi kwenye vikao vya simu. Mhasibu kwao Bunda alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha stoo, katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu ndipo mtandao ulipokamata. Tulihamisha meza yake mlangoni, tukaweka chungu pembeni, akakaa. "Mbona hili sikuliwaza mwenyewe?" aliuliza. Nilijifunza hapo kwamba kazi ya mseto ina ofisi mbili, na ile ya pili hakuna anayeitazama.

Basi watu wakaanza kuja. Kwanza kwa kutaka kuona, halafu kwa kupenda. Mama wa chai akaanza kuongeza vikombe. Nikawa na furaha ya mjinga.

Kisha mimea ikaanza kufa.

Ilianza majani kuwa ya njano. Halafu yale mapanga, ambayo nilikuwa nimewahakikishia watu hayafi hata yakisahaulika, yakalegea kwenye shina na kuanguka kama walevi. Niling'oa moja, mizizi ikabaki mkononi imeoza. Nilisaka mdudu, nikasaka ugonjwa, nikaulaumu udongo wa Suguti bila kosa. Jibu nililipata siku niliyokaa kimya kwenye kona tangu asubuhi, nikatazama.

Aliingia wa kwanza, kabla hajaweka begi akamwagia chungu kilicho karibu naye. Akaingia wa pili, akagusa majani, akasema "pole," akamwaga kikombe. Mhasibu akaja na chupa yake ya maji ya kunywa, akagawia mmea nusu. Jioni bwana mifugo akarudi kutoka vijijini na vumbi lake, akazunguka vyungu vyote na jagi. Kesho yake likaja kundi la siku nyingine, na wao wakaanza upya. Kila mtu alijua kwamba jana hakuwepo, kwa hiyo aliamini jana hakukuwa na mtu.

Nikawaambia. Bwana mifugo akanishangaa.

"Sasa wewe mzee wa maua, kwetu mtu ukirudi nyumbani hukai kabla hujaangalia mifugo kama imekunywa. Nipite mbele ya kitu chenye uhai kikavu, niende kufungua kompyuta? Nitakuwa mtu wa aina gani?"

"Lakini huyu ameshakunywa mara sita!"

"Mimi nitajuaje? Hasemi."

Nikabandika vikaratasi kwenye vyungu: tayari, usimwage. Wakavisoma, wakamwaga kidogo. Nikamwomba mama wa chai awe ndiye pekee mwenye jagi. Akakataa kwa upole. "Baba, nikimzuia mtu asimpe maji kiumbe, ataniona mchawi. Na hapa ninaishi nao." Alikuwa akitazama vyungu vilivyobaki na udongo mtupu, na najua alikuwa akihesabu siku zake humo. Wale waliokuwa wameanza kuja walipoona mimea inaoza, wakaanza tena kubaki makwao. Ofisi yenye mimea iliyokufa ina huzuni kuliko ofisi isiyo na mimea kabisa. Masika yalikuwa yameshaanza. Asubuhi alikuwa bado anachemsha chai nyingi, na mchana alikuwa anaimwaga.

Jibu lilitoka kwenye ugomvi, saa ya chai. Mhasibu alikuwa amegundua kwamba ule mshubiri anaoupenda umemwagiwa na bwana mifugo mpaka ukafa, akamjia juu mbele ya watu wote.

"Huyu ulimuua wewe! Ng'ombe wako mwenyewe ungemfanyia hivyo?"

"Ng'ombe wangu hakai na mimi," bwana mifugo alijibu. "Niko mjini, nitamlisha karatasi? Nimemwekesha kwa rafiki yangu Nyamuswa. Yeye ndiye anamchunga, anakamua maziwa. Akizaa tunagawana. Mimi nikienda naangalia tu, sishiki fimbo."

"Na ukifika huko unampaga maji?"

"Haiwezekani! Ni kama kumtukana rafiki, kumwambia hachungi."

Akasimama hapo na kikombe mkononi. Nadhani wote tulisikia kwa wakati mmoja alichokisema. Mhasibu ndiye aliyekidaka.

"Basi mura, hii mimea si ni ng'ombe? Wewe unakuja Jumatatu mimi sipo, mimi nakuja Alhamisi wewe hupo. Tuwekeshane."

Kilichofuata sikukiongoza mimi. Mimi sikuzaliwa penye ng'ombe. Kwetu tulikuwa na makopo. Niliketi nikasikiliza watu wazima wakipatana, kwa uzito uleule ambao baba zao walipatana nao. Kila chungu kitakuwa na mwenyewe, na kitawekeshwa kwa mtu wa siku nyingine. Aliyewekewa ndiye mwenye maji, peke yake. Mwenye mali anaruhusiwa kuangalia na kusifu. Mmea ukitoa mtoto, wa kwanza ni wa mchungaji, wa pili ni wa mwenye mali, na anaweza kwenda nao nyumbani kwenye ile ofisi ya pili.

"Na akifa?" mmoja akauliza.

"Ng'ombe akifa si unaleta ngozi?" alisema bwana mifugo. "Mwenyewe aone kwamba hukumuuza wala hukumla. Atakayeua alete shina kwa mkono wake."

Walicheka sana, lakini jambo lenyewe halikuwa utani tu. Hayakupita majuma mengi, mhasibu akaua. Ulikuwa mmea wa kutambaa, mali ya bwana mifugo, ambaye siku ile alikuwa kwake Butiama. Mhasibu angeweza kungoja, au kupiga simu. Badala yake alilifunga shina kavu kwenye gazeti, akapanda gari, nikamsindikiza kwa sababu nilikuwa na miche ya kupeleka upande huohuo. Tulimkuta bwana mifugo amekaa chini ya upenu na kompyuta magotini, jogoo pembeni yake, nyuma ya nyumba mawe makubwa yakitoa mvuke baada ya mvua. Mhasibu akasimama mbali kidogo, akafungua gazeti.

"Kaka, nimekuletea ngozi."

Bwana mifugo alilipokea lile shina kwa mikono miwili. Aliligeuzageuza. Nilitegemea atacheka. "Basi dada," alisema, "ajali ya malisho. Karibuni ndani." Mke wake akatuletea ugali na samaki, tukala, na walipomaliza kuongea mambo ya mmea wakaanza kuongea mambo ya kazi, ripoti moja iliyokuwa imewakwama muda mrefu kwenye simu. Waliimaliza pale upenuni. Nilikaa na sahani yangu nikimshukuru Mungu kwa shina lililokauka.

Tangu hapo maji yalipata mwenyewe, na mimea ikasimama. Lakini kitu ambacho hakuna aliyekitegemea ni jinsi watu walivyoanza kuja. Mwenye mali alitaka kuona ng'ombe wake, na siku yake ya ofisini haikuwa siku ya mchungaji wake, kwa hiyo akabadilisha siku ili wakutane. Waliokuwa hawajuani zaidi ya sauti kwenye simu wakawa na mtu wa kuulizana habari. "Mnyama wangu hajambo?" "Hajambo, anataka kuzaa." Watoto wa mimea wakaanza kusafiri kwenda Suguti, kwenda Nyamuswa, kwenda kwenye zile kona za nyumbani, na mtu akikaa huko na jani mbele yake alijua mama wa jani lile yuko wapi.

Mama wa chai hakuwa na mshirika. Siku zote zilikuwa zake, hivyo katika mapatano yale hakuna aliyemkumbuka. Aliendelea kupita katikati yao na chupa, akitabasamu kwa mazungumzo ambayo hayakumhusu. Siku moja nilichukua lile kopo langu la siagi kutoka kwenye meza ya mapokezi, nikalishika mikononi, nikamwendea rasmi, kwa namna niliyowaona wengine wakifanya.

"Mama, mimi ni mtu wa njiani, sina zizi. Naomba nikuwekeshe huyu."

Aliweka chini chupa. Akafuta mikono kwenye kanga. "Ametoka wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Basi sitamwua," alisema, akampokea.

Na hakumwua. Lile ua lina tabia ya kutoa nyuzi ndefu, na kwenye ncha za nyuzi watoto wananing'inia, mmoja, wawili, halafu kundi. Mikononi mwake lilizaa kama limeambiwa. Wa kwanza akampeleka kwake. Waliofuata akawagawia ofisi nzima, mpaka ikawa karibu kila dirisha lina mtoto wa ua la mama yangu, na watu wakawa wanamwendea mapokezi kuuliza wamfanyeje huyu, na yule mbona amenyauka, na walipomaliza kuuliza walikunywa chai.

Wageni wa makao makuu walikuja mvua zilipokatika. Walichagua siku bila kumwambia mtu, siku ambayo kwa ratiba wengi wanatakiwa kuwa makwao. Meneja alipowaona ngazini aliwahi kuwafungulia mlango. Mama wa chai alikuwa ameshika ufagio. Akauegemeza ukutani taratibu, akasimama wima kama anayesubiri jina lake lisomwe.

Walipoingia walikuta watu wamejaa. Ilikuwa siku ya kugawana watoto. Bwana mifugo alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, anakata uzi kwa kisu, wengine wamemzunguka wakibishana.

"Leo si siku yako ya kufanyia kazi nyumbani?" mmoja wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alimuuliza mhasibu.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimemfuata ndama wangu. Huyu bwana nisipokuwepo atanipa mgonjwa."

Mgeni aliangalia chungu, akaangalia ziwa, akaangalia watu. Alikaa kwenye kiti cha karibu, akapewa chai, na hakuinuka haraka. Kabla ya kuondoka alimuuliza mama wa chai kama na yeye anaweza kupewa mmoja. Mama alisita. "Wa kupewa tu hatunaga," alisema. "Ila naweza kukuwekesha. Uwe unakuja kutupa habari zake." Meneja nusura aanguke. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani.

Uamuzi ulikuja baada ya muda. Upande wa nyuma wa ghorofa ungerudishwa kwa mwenye nyumba, upande wa ziwa ungebaki. Ofisi ingekuwepo. Mama wa chai angebaki na funguo zake. Siku ile alichemsha chai, akawamiminia wote, halafu akaenda kusimama dirishani ametupa mgongo.

Meneja aliniita pembeni. Alipapasa mfuko wa simu bila kuitoa. "Kaka, sijui nikuambieje. Mimea sasa ina wachungaji. Nikiandika kwamba bado nahitaji mtu wa mimea, wataniuliza wa nini."

Nikamwambia asihangaike. Nilikuwa nasema kweli. Kazi nyingi nilizoacha, niliziacha zikiwa zimenishinda au zimenichosha. Hii ilikuwa imekwisha kwa sababu imefanikiwa, na sijui ni watu wangapi hupewa hiyo. Halafu nisijifanye: majuma kadhaa nilikuwa nimeshaanza kuota mahali pengine. Ndivyo nilivyo. Ila kwa mara ya kwanza ndoto ile iliniudhi.

Siku ya kuondoka nilifika stendi mapema. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akanifungia begi, akanipiga bega kwa nguvu. "Mura, umekuja mtu wa maua unaondoka mfugaji." Mhasibu alinipigia simu kutoka Bunda, akaniambia nikipita nipunge mkono upande wa kulia, hata kama hatakuwepo. Mama wa chai alikuja mwisho, kwa miguu, baada ya kufungua ofisi. Alikuwa ameshika chupa ya maji iliyokatwa nusu, ndani yake udongo na mche mdogo wenye majani membamba na mstari mweupe katikati.

"Wa kwanza nilichukua mimi," alisema. "Huyu ndiye wako. Nilimtenga siku nyingi, nilikuwa namkuza ashike mizizi."

Nikamwambia, "Mama, yule mkubwa sasa ni wako. Mimi sirudi huku, na unajua."

Alinikazia macho kana kwamba nimesema neno baya. "Hapana. Ng'ombe wa mtu ni wa mtu. Wewe zunguka unakotaka, uzeeke huko, lakini yule ni wako na yuko kwangu. Mtu akiniuliza nitamwambia mwenyewe yuko safarini." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayempa mwenzake dawa. "Huyu usimpe maji mpaka Jumamosi. Nimeshamnywesha."

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nikasema, "Asante, mama." Akaniambia niende salama, akageuka haraka kwa sababu ofisi aliiacha wazi.

Basi likaondoka. Kiabakari ikapita, mawe yakapita. Bunda nilipunga mkono upande wa kulia, kwa nyumba ambazo sikuzitambua. Pale alipanda mzee mmoja wa kofia, akakaa pembeni yangu, akanisalimia, akatazama mapajani kwangu. Nilifumba macho kidogo tu kwa ajili ya jua. Nilipoyafumbua, alikuwa amefungua chupa yake ya maji, anammiminia mche wangu polepole, kwa uangalifu, asimwage hata tone nje.

"Alikuwa na kiu, huyu," aliniambia.

Nikakumbuka Jumamosi. Nikaona jinsi alivyokuwa ameridhika.

"Asante, baba," nikamwambia, nikamshikia chupa aifunge.